Mipira ya Pikapu ya Baba

Juzi hapa Buffalo, Marekani, nilipeleka gari kubadilishiwa kioo cha mbele kilichopasuliwa na kokoto. Fundi alikamua gundi nyeusi kuzunguka fremu, na harufu yake ikanifikia nilipokuwa nimeketi na kahawa yangu. Ni harufu kali, tamu kidogo mwanzoni, halafu inakwaruza koo, kama lami iliyochanganywa na rangi ya kucha. Niliweka kikombe chini, nikatoka, nikasimama kwenye baridi bila koti mpaka fundi aliponiita kuniambia gari liko tayari. Mume wangu aliponiuliza kama kazi ilikwenda vizuri nilimjibu ndiyo. Sikumwambia kwamba nyumba yetu ya Louisville iliwahi kunuka hivyo, na kwamba siku zile nilidhani hiyo ndiyo harufu ya mambo kuanza kutengemaa.

Tulikaa mtaa wa Highview, kwenye apatimenti za matofali nyuma ya safu ya maduka. Baba alikuwa na pikapu kuukuu ya rangi ya kijani iliyopauka, ambayo sehemu ya nyuma ilikuwa imeliwa na kutu mpaka ukiweka jicho unaona barabara. Kila familia ya Wakongo iliyofika baada yetu ilihamishwa na pikapu ile. Magodoro, makochi ya kuokota, mafriji, kitanda cha mtoto, vyote vilipita mgongoni mwake, na baba hakuwa anaomba kitu ila chai. Papa Elia, jirani yetu wa ghorofa ya chini na mzee wa kanisa, yeye mwenyewe aliletwa kwenye nyumba yake na pikapu hiyo, mke na watoto wakiwa wamekalia masanduku, wakicheka kwa hofu.

Kisha baba akafa. Alianguka kiwandani, mchana, na mama alipofika hospitali walikuwa wameshamfunika. Watu wazima walisema moyo wake ulichoka. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na neno hilo nililichukua kama lilivyo: kuchoka ni jambo ambalo mtu akilala linaisha. Nilisubiri apumzike vya kutosha.

Mama alikuwa amepata kazi kwenye ghala moja upande wa uwanja wa ndege. Basi halikufika kule kwa saa zake za kuingia, kwa hiyo alianza kuendesha pikapu. Baba alikuwa amemfundisha kwenye uwanja wa kanisa, na leseni alikuwa nayo, lakini alikuwa hajawahi kuiendesha peke yake. Ilimtisha. Kila alipoingiza gia, injini iliruka chini ya boneti na kugonga chuma, ngo!, na usukani mzima ukamtetemekea mikononi. Siku moja mfanyakazi mwenzake aliangalia ndani akamwambia mipira inayobeba injini imechoka, na kwamba siku moja injini itahama mahali pake ikiwa barabarani.

Mama alinieleza hivyo hivyo alipofika nyumbani. "Mipira imechoka, Sifa." Nikaogopa sana, kwa sababu nilijua kinachowapata waliochoka.

Mtu ambaye mama alimpigia simu alikuwa baba mdogo Kashindi, mdogo wake baba, aliyekaa Gahanna, pembeni mwa mji wa Columbus, jimbo la jirani. Alikuwa amewahi kushika spana kule Uvira kabla ya vita na kambi. Kwenye mazishi alilia kuliko mtu yeyote. Alinibeba, akaniambia nisiogope, baba hajaisha maana yeye yupo. Nilimpenda kwa neno hilo. Alikuwa na masikio ya baba, na sauti ya baba ikitoka kwenye mwili mnene zaidi.

"Bon, Mama Sifa, sikia vizuri," alisema, uso wake umejaa kwenye simu niliyoishika mimi. "Usinunue mupya. Wale wa duka wanataka franga tu. Hiyo silambloki, hiyo mipira ya zamani, inatengenezeka. Kule kwetu tulikuwa tunafanya na kipande ya tairi na gundi. Minakuonyesha."

"Shemeji, mimi sijui hata kufungua nati."

"Utajua. Nani alizaliwa na spana? Mutoto anashika simu, mimi naona, nakuambia fanya hivi, fanya vile. Donc, uko na mutu."

Uko na mtu. Mama aligeuka upande akajifuta macho kwa kiganja.

Tulikwenda duka la vipuri, mama, mimi na mdogo wangu Dido mgongoni. Mimi ndiye niliyezungumza. Mzee wa kaunta alinisikiliza nikitafuta maneno, gundi nyeusi, ile ya vioo vya magari, akauliza kama kioo chetu kimevunjika. Nikasema hapana, ni ya injini. Alimtazama mama, akatoa mipira mipya miwili kwenye boksi, akaiweka juu ya meza kwa upole. Mama aliigusa. Ilikuwa minene, myeusi, haina mkwaruzo. "Mwambie asante," akaniambia, akairudisha kwa kidole. Tukatoka na mrija wa gundi, kopo la kupulizia la kusafishia breki, brashi ya waya, na kifaa kama bunduki cha kukamulia.

Meneja wa apatimenti alikuwa amekataza watu kutengeneza magari uani, hivyo tulifanya nyuma ya mapipa makubwa ya takataka, Jumamosi asubuhi, wakati ofisi yake imefungwa. Papa Elia alituazima jeki. Mama alivaa ovaroli la baba, miguu amekunja mara kadhaa. Aliweka ubao juu ya jeki, akaisogeza chini ya bakuli la oili, akapandisha taratibu huku baba mdogo akipiga kelele kwenye simu, "Polepole! Polepole, usiinue motokari, beba tu uzito ya injini!" Niliona injini ikisogea juu kidogo, kama mtu anayejiinua kitandani.

Bolti ya kwanza ilikataa. Mama alihangaika nayo, akaipulizia dawa, akaning'inia kwenye spana kwa uzito wake wote, na ilipoachia alianguka kwa makalio kwenye lami. Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi. Baba mdogo naye akacheka ndani ya simu, na Dido aliyekuwa kwenye kigari chake akacheka kwa kuwa wote tulicheka. Nikiulizwa utoto wangu ulikuwa na furaha wapi, huwa nafikia pale, nyuma ya mapipa ya takataka, na hilo ndilo linaloniuma.

Mpira ulipotoka ulikuwa umepasuka katikati, umevimba kwa oili, unanuka kama jiko lililoachwa. Kulikuwa na bolti ya upande ambayo mkono wa mama haukuipata; wangu uliingia, ukatoka na damu kwenye vifundo, nikaona fahari. Tuliviosha vyuma vya mipira yote miwili kwa sabuni ya vyombo kwenye sinki la jikoni, tukavisugua kwa brashi, tukavipulizia dawa mpaka vikakauka. Mama alikata vipande vya tairi kwa kisu cha nyama na kuvishindilia kwenye nafasi zilizo wazi. Chini alibandika utepe gundi isivuje. Kisha akakamua. Ile gundi ilitoka nene, nyeusi, inang'aa, ikajaza kila ufa.

"Sasa iache ikauke wiki nzima," baba mdogo alisema. "Na iwekwe fasi yenye mvuke. Hii gundi inapenda maji ya hewa. Weka kwa bafu."

Basi mipira ilikaa bafuni, kwenye ukingo wa beseni, juu ya gazeti, na sisi tukaoga kando yake. Pikapu ilibaki nyuma ya mapipa, boneti imefungwa, injini imelalia jeki, na wiki ile mama alikwenda kazini kwa kubebwa na mfanyakazi mwenzake. Mimi kila nikirudi shuleni niliingia bafuni kuibonyeza kwa kidole. Siku baada ya siku gundi iligeuka kutoka uji kuwa mpira. Nikawaza: kumbe kilichochoka kinaweza kujazwa. Na nikawaza jambo ambalo sikumwambia mtu, kwamba huenda hospitali hawakuijua gundi hii, kwamba kama baba mdogo angekuwepo siku ile na simu, angewaambia.

Jumamosi iliyofuata tuliirudisha. Mama alikaa kwenye usukani, akawasha, akakanyaga breki, akaingiza gia. Hakukuwa na ngo. Injini ilitetemesha kiti kidogo, kwa mtetemo mkavu kuliko ule wa zamani, lakini ilikaa mahali pake. Mama aliingiza gia ya nyuma, ya mbele, ya nyuma tena. Halafu akalaza paji la uso kwenye usukani.

"Imekubali?" simu iliuliza mkononi mwangu. "Mama Sifa? Imekubali?"

"Imekubali, shemeji. Mungu akubariki."

Kisha akauliza, "Na ikienda mbali? Inaweza fika mpaka huku Columbus?"

Mimi nilisikia swali hilo kwa masikio ya mtoto. Nilisikia kwamba tunakwenda Columbus.

Alikuja kwa basi wiki chache baadaye, na mfuko wa ndagala kavu na kofia ya sufu kwa Dido. Mama alimpikia bugali na sombe ya majani ya muhogo, akamlaza kwenye kitanda changu. Alifungua boneti, akamulika kwa simu, akapiga mluzi. "Mama Sifa, wewe ni fundi kunipita mimi." Aliizunguka pikapu, akapapasa kutu, akaketi ndani peke yake kwa muda mrefu mikono ikiwa kwenye usukani wa kaka yake. Nilidhani anasali.

Kesho yake, baada ya kanisa, aliomba ufunguo. Alitaka kuijaribu kwenye barabara kubwa, alisema, asikie kama inatulia kwa mwendo. Mimi nilikuwa nimeshapanga begi langu la shule: nguo, mswaki, picha ya baba. Nilimkimbilia mlangoni.

"Tunaenda wote?"

Alinishika shavu. "Minarudi sasa hivi, mama."

Niliketi kwenye ukingo wa maegesho na begi langu. Bugali ilipoa mezani. Mama alitoka mara moja, akatazama, akaingia. Akatoka tena akabaki nje. Alimpigia simu, ikaita bila kupokelewa. Rangi ya uso wake ilibadilika, akasema maneno ambayo sijayasahau: "Ni ile mipira. Nilikaza vibaya. Nimemuua."

Papa Elia aliingia kwenye gari lake akaenda kufuata barabara kubwa, akitazama pembeni na kwenye mitaro. Mama alipiga magoti pale pale kwenye lami, kwa sketi yake ya kanisani, akamwomba Mungu amsamehe kwa kumchukulia mama mkwe wake mtoto wa pili. Wanawake wa apatimenti walikuja, wakamshika mabega. Papa Elia alirudi akatikisa kichwa: hakuna ajali, hakuna kitu. Mama hakuamini. Alikataa kula.

Asubuhi simu iliita. Mama aliiweka sauti ya nje.

"Mama Sifa, salama? Mimi nilifika. Motokari ilitembea vizuri kabisa."

Nikaruka. Nilipiga makofi, nikapiga kelele kwa Kiingereza kwamba yuko hai, yuko hai! Mama aliketi chini kwenye zulia.

"Ulifika wapi, shemeji?"

"Huku kwangu. Sikia, nilikuwa nataka nikuambie jana, lakini kilio cha mwanamuke mimi siwezi. Ile motokari ni ya ukoo. Ni kitu ya kaka yangu. Wewe bado kijana, kesho utaolewa, mwanaume mwingine apande gari ya marehemu? Haiwezekani."

"Na kazi yangu? Nitafika kazini na nini?"

"Mungu hataacha wajane."

Alikata. Mimi nilielewa kwamba ametangulia kututayarishia nyumba. Sikulifungua lile begi. Kila nilipohitaji nguo iliyomo nilivaa nyingine, nikijiambia ile ni ya Columbus, na mama aliniacha, hakunieleza, nadhani kwa kuwa angelazimika kujisikia akisema.

Papa Elia na wazee wenzake walikutana sebuleni kwetu. Walikunywa chai ya mama. Walimpigia baba mdogo, wakaongea naye kwa heshima, wakamsikiliza kwa muda mrefu. Mmoja wa wanawake alisema waite polisi, kwani wizi ni wizi. Papa Elia akamkazia macho. "Tuwaite wazungu waje kutuamulia mambo ya ukoo? Tutajiaibisha." Kisha akamgeukia mama. "Mama Sifa, yule ni damu ya marehemu. Ukimshitaki, kesho watoto wako watakuwa na nani? Tumuachie Mungu."

Mama aliwatazama mmoja mmoja. Nilikuwa nimebeba sinia la vikombe, nami nikawatazama kwa sababu yeye aliwatazama. Hakukuwa na mtu pale ambaye godoro lake halikubebwa na baba.

"Sawa," alisema mama. "Tumuachie."

Yule mwenzake wa kazini alimbeba kwa siku kadhaa, halafu akahamishiwa zamu nyingine. Mama alianza kuchelewa, wakamwonya, akachelewa tena. Alipoachishwa hakulia. Alimpigia mdogo wake aliyekuwa Buffalo, aliyekuwa akiwahudumia wazee, naye akasema njoo, hapa ni baridi lakini nyumba ipo.

Tulisafiri kwa basi. Basi lile lilipita Columbus na kusimama hapo kwa muda. Nilipoliona jina la mji nililinyanyua begi langu, nikamshika Dido mkono, nikasimama. Tumefika, nikamwambia mama. Aliniambia nikae. Nikambishia, nikamwambia baba mdogo anatungoja, nikaanza kuvuta. Mama akanikamata kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo hakuwahi kuitumia kwangu, akaninong'oneza kwa meno yaliyobana: "Huyo mtu alituibia, Sifa. Alituibia. Kaa chini."

Nikakaa. Abiria walipanda, wakatafuta viti. Nilitazama magari ya pale nje mpaka basi likaondoka, lakini sikuwa natafuta tena kuona mtu akitupungia. Nadhani utoto wangu ulikatikia kwenye kiti kile, kati ya harufu ya choo cha basi na ndizi ambazo mama alikuwa amezifunga kwenye kanga.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima, nilimuuliza mama kama anaamini baba mdogo alipanga tangu simu ile ya kwanza. Alikuwa anakunja nguo za kazi. Akafikiri.

"Hapana," akasema. "Mwanzo alitusaidia kwa moyo. Aliitamani ilipopona."

Mimi sijawahi kukubali. Naona afadhali angekuwa mwizi tangu mwanzo. Mwizi wa namna hiyo namuelewa. Huyu wa mama, aliyecheka nasi kwa kweli nyuma ya mapipa halafu akapanda basi kuja kuichukua, huyo sijui nimweke wapi.

Nilipochumbiwa, watu wa upande wa mume wangu walisema watakuja kuleta mahari, nao ni Wakongo wanaoshika mila. Mama akaniambia anampigia shemeji yake. Niligombana naye jikoni mpaka Dido, sasa kijana mrefu, akatoka nyumbani.

"Nani ataketi kwenye kiti cha baba yako?" mama aliuliza. "Mimi? Watasema umeokotwa."

"Waseme."

"Wewe utasikia mara moja. Watoto wako watasikia maisha yao yote."

Alikuja. Alikuwa amezeeka, amepungua, na kupungua kulimfanya afanane na baba zaidi kuliko zamani. Alivaa suti ya kijivu, akakaa katikati ya kochi, watu wakamwamkia kwa mikono miwili. Pikapu haikutajwa na mtu. Alizungumza vizuri, siku zote alijua kuzungumza. Aliwaambia wageni kwamba kaka yake alipofariki alimwachia yeye watoto hawa, na kwamba Sifa ni binti yake, amemlea kwa machozi. Wageni wakaitikia kwa kupiga makofi. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na sinia la soda. Alipiga kigelegele kirefu, kisicho na kasoro hata mahali pamoja.

Baba mdogo alipokea mahari, akaipitisha kwa mke wake aliyekaa kando yake. Kisha akaniita kwa baraka. Nilivua viatu, nikapita mbele ya watu, nikapiga magoti kwenye zulia kama inavyotakiwa. Akaniwekea mkono kichwani, akafumba macho, akaanza kuomba kwa jina la baba yangu. Aliomba kwa muda mrefu. Wote walisema amina, na mimi nikasema.